Mstari wa 1863: Kwa nini majengo ya kale ya Ikoma hayana mlinzi

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania, Namba 10 ya mwaka 1964, imepiga mstari kwenye mwaka 1863. Jengo au ngome iliyojengwa kabla ya mwaka huo inalindwa moja kwa moja, hata kama hakuna ofisa wa serikali aliyewahi kufika kuitazama. Iliyojengwa baada ya hapo haina ulinzi wa sheria hiyo mpaka waziri mwenye dhamana aitangaze katika Gazeti la Serikali. Marekebisho ya mwaka 1979 yaligusa mengi, lakini mstari uliachwa palepale. Ngome ya Wajerumani ya Ikoma, katika Wilaya ya Serengeti mkoani Mara, ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Imechelewa kwa takriban miaka 40.

Ukiutazama mstari huo ukiwa pwani, unaleta maana. Kilwa Kisiwani, Songo Mnara, Kaole, Kunduchi na Tongoni zote zinaingia ndani yake bila mjadala. Bara hali ni nyingine. Majengo mengi ya mawe na matofali yaliyobaki wima huko, yaani maboma ya Wajerumani, makanisa ya misheni, stesheni za reli, maduka ya Wahindi na Waarabu, yalijengwa baada ya 1863. Yaliyokuwapo kabla yake yalikuwa ya miti, udongo na nyasi, na nyumba ya namna hiyo haimalizi karne ikiachwa bila mtu. Kwa hiyo sheria inaona vizuri ikiwa ufukweni na inapoteza nguvu za macho kila inavyosogea kuelekea Ziwa Victoria. Cha ajabu, sheria hiyohiyo inaulinda mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940. Mlango wa mwaka 1939 una hadhi ya kisheria ambayo ngome yenye umri wa zaidi ya karne haina.

Tuanze na mahali penyewe. Ikoma ni njia panda. Barabara inayotoka Bunda na upande wa ziwa inakutana na ile ya Mugumu, kisha safari inaingia hifadhini kuelekea Seronera, Ngorongoro na hatimaye Arusha. Kijiji cha Robanda kiko jirani na lango la hifadhi linaloitwa kwa jina la ngome. Njia hizi ni za zamani kuliko bendera yoyote iliyopandishwa hapo. Waikoma, Wanata, Waisenye, Wangoreme na wafugaji wa Kitatoga walizipita wakiwinda, wakioana, wakifanya biashara na wakitambika. Mwishoni mwa karne ya 19 mapigo yalifuatana: uvamizi wa Wamasai, sotoka, magonjwa ya watu, njaa. Watu walijikusanya kwenye makazi yenye ngome, na maafa yalipotulia walijijenga upya kwa kupeleka Usukumani mikia ya nyumbu, ambayo singa zake zilisukwa kuwa bangili, pamoja na sumu ya mishale, wakirudi na mifugo. Mwanahistoria Jan Bender Shetler ameyaeleza haya kwa kirefu katika kitabu chake Imagining Serengeti cha mwaka 2007.

Wajerumani hawakuianzisha njia panda; waliikalia. Ngome iliyo mahali njia zinapokutana inahesabu watu, inakagua pembe za ndovu, inakusanya kodi. Amri ya kodi ya nyumba ilianza kutumika katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1898, na kodi ilihitaji askari, ghala na mahabusu. Thamani hiyo ya mahali ilijidhihirisha tena vitani. Juni 1917 kikosi cha Heinrich Naumann, kilichokuwa kimejitenga na jeshi kuu la Wajerumani na kuzunguka kaskazini, kilifika Ikoma na kuwarudisha nyuma wanajeshi wa Kibelgiji waliokishambulia. Baada ya vita Waingereza waliutawala ukanda huu kutoka Musoma, kando ya ziwa. Ngome haikubomolewa. Iliondolewa kazi yake tu, na kwa jengo hilo ndilo tukio baya zaidi, kwa sababu jengo lisilo na kazi halina bajeti, na lisilo na bajeti halina fundi wa kupanda juu ya paa kabla ya mvua.

Kazi ilirudi kwa muda katika miaka ya 1960 na 1970, ngome ilipogeuzwa hoteli ya watalii kwa jina la Fort Ikoma Lodge. Biashara ya utalii ya Serengeti wakati huo ilining'inia kwenye uzi mmoja: wageni walishuka Nairobi, wakapita Maasai Mara, wakavuka mpaka kuingia kaskazini mwa hifadhi, wakashuka kusini. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Hoteli iliyotegemea mzunguko ule ilipoteza wageni kwa uamuzi ambao haukuwa na uhusiano wowote na ubora wa vyumba vyake. Ndani ya miaka 80 jengo moja lilipata kazi mara mbili na kuipoteza mara mbili, na mara zote mbili kilichoamua kilikuwa mbali nalo: kwanza vita vya Ulaya, kisha ugomvi wa serikali jirani.

Hapa inafaa kusimama kwenye ukuta wenyewe, maana maneno kama "kuchakaa" na "umri" huficha kinachotokea. Ukuta wa mawe wa kikoloni wa bara kwa kawaida ni nyuso mbili za mawe, na katikati yake kifusi cha vijiwe kilichoshikwa kwa chokaa, au mara nyingi zaidi kwa udongo, kwa kuwa chokaa ilipaswa kusafirishwa au kuchomwa kwa shida. Ukuta wa namna hiyo unaweza kusimama muda mrefu sana kwa sharti moja: maji yasiingie kutoka juu. Paa likiwepo, mvua inayopiga ubavuni hulowesha uso na kukauka. Paa likiondoka, maji yanaingia kwenye kichwa cha ukuta, yanashuka ndani ya kifusi na kuuosha udongo punje kwa punje. Kwa nje hakuna kinachoonekana, labda doa la kijani na alama nyeupe ya chumvi. Ndani, kifusi kinatulia na kusukuma nyuso mbili zitengane. Ukuta unapata tumbo. Siku unapoanguka, watu husema ni mvua kubwa ya mwaka ule. Mvua ile ilimalizia tu.

Na paa huondoka mapema kwa sababu zinazoeleweka. Bati na mbao ndivyo vitu pekee katika jengo lililotelekezwa vyenye bei sokoni. Mchwa huanza na kenchi, binadamu humalizia na bati. Baada ya hapo mbegu za mtini, zinazoangushwa na ndege, huota juu ya ukuta na kuingiza mizizi kwenye nyufa zilezile ambazo maji yamefungua. Kung'oa mti huo ukiwa mkubwa ni kubomoa kipande cha ukuta. Kuuacha ni kukibomoa kwa utaratibu.

Kuna hatua nyingine inayodhuru zaidi kuliko kutelekeza: ukarabati wa nia njema. Fundi anayeitwa kuziba nyufa leo amejifunza kazi kwa saruji, na saruji ndiyo iliyopo dukani. Lakini lipu ya saruji ni ngumu kuliko mawe laini na udongo ulio nyuma yake, na haipitishi unyevu. Maji yaliyopanda kutoka kwenye msingi, ambayo zamani yalitokea kwenye chokaa na kukauka, sasa yanafungiwa ndani. Ukuta unaonekana mpya kwa miaka kadhaa huku ukioza kwa ndani, kisha lipu inabanduka kwa mapande makubwa ikibeba uso wa ukuta. Mwenye ofisi aliyesaini malipo ya kazi hiyo atakuwa ameshahamishiwa wilaya nyingine.

Ushahidi wa mfuatano huu hauhitaji kutafutwa Mara pekee. Boma la Bagamoyo la mwaka 1897 lilipoteza sehemu yake kwa mvua za El Niño za 1997 na 1998. Boma la Lindi na majengo ya Kilwa Kivinje yamegeuka magofu ndani ya miji yenye watu. Asiamini mtu kwamba tangazo la ulinzi linatosha: Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa 1883, imo katika Mji Mkongwe ulioingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka ikiwa katika ukarabati na kuua watu wawili. Kwa upande mwingine, Boma la Arusha la mwaka 1900 ni makumbusho tangu 1987, Boma la Iringa limekuwa makumbusho tangu 2016, na Boma la Mikindani la mwaka 1895 lilikarabatiwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na kufanywa hoteli. Kilichoyaokoa ni matumizi ya kila siku: mtu anayelipwa kufungua mlango asubuhi ndiye anayegundua kwamba bati limefunuka. Arusha na Iringa ni miji. Mikindani iko kwenye barabara ya Mtwara. Ikoma ina faru, nyumbu na wageni wanaopita.

Hadi hapa ni habari ya mawe. Sehemu kubwa ya majengo ya jamii ya Ikoma haijawahi kuwa ya mawe, na hiyo ndiyo inayopotea bila hata kuacha gofu. Nyumba ya miti na udongo haidumu kwa ugumu wake. Inadumu kwa kujengwa upya: nguzo iliyoliwa inabadilishwa, nyasi zinaezekwa tena, nyumba ya mtoto inasimama karibu na palipokuwa na nyumba ya baba. Kinachorithiwa ni mahali, umbo na ujuzi wa mikono. Ili mnyororo huo usikatike vinahitajika vitu vitatu: watu wabaki karibu na mahali pale, vifaa vipatikane, na awepo anayejua kazi. Katika ukanda wa Ikoma vyote vitatu vimekatwa, kimoja baada ya kingine, na kwa sheria halali.

Mahali palianza kwenda mapema. Pori la akiba la Serengeti lilitangazwa 1929. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa 1951, na mipaka yake ikachorwa upya 1959 kwa kuitenga Ngorongoro. Wengi wanaikumbuka hadithi ya Wamasai waliohamishwa. Upande wa magharibi haujapata wasimuliaji wengi. Nyeberekera, ambako Waisenye wanasema walikaa zamani, iko ndani ya hifadhi, na vivyo hivyo baadhi ya maeneo ya matambiko yanayoitwa emisambwa. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, iliyozikusanya familia zilizotawanyika na kuzipanga kwa mistari kando ya barabara. Shabaha zilikuwa shule, maji na zahanati, na zilipatikana kwa kiasi. Lakini kila mji wa familia uliohamwa ulikuwa na makaburi, mti wa kivuli, na alama za wapi zizi lilikuwa. Alama hizo haziandikwi popote. Mwaka 1994 mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yalitangazwa, na ardhi iliyobaki wazi kwa mwanakijiji ikapungua tena.

Vifaa vilifuata mpaka uleule. Nguzo ngumu na nyasi ndefu za kuezekea zilikuwa porini. Pori lilipopandishwa hadhi, kukata mti au nyasi bila kibali kukawa kosa chini ya sheria za wanyamapori. Mwenye nyumba hakukatazwa kujenga kama babu yake. Alikatazwa kuingia alikokuwa babu yake anachukua vifaa. Akahamia kwenye tofali la kuchoma na bati, ambavyo vinanunuliwa, havihitaji kibali, na kwa haki kabisa ni bora kwa mvua, moto na mchwa. Hakuna wa kumlaumu. Ila mara vizazi viwili vikishaacha kuezeka, ujuzi wa kuezeka haupo tena kijijini, na nyumba ya asili itakayojengwa kwa ajili ya watalii itajengwa na mkandarasi kwa kutazama picha.

Njia panda yenyewe nayo ina hatari yake. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Katika makutano ya njia, maduka na nyumba kongwe ndizo zilizo karibu zaidi na barabara, kwa kuwa zilifuata msafiri. Lami inapokaribia, hizo ndizo zinazopigwa alama ya X kwanza. Mthamini anapokuja kukadiria fidia, anahesabu gharama ya kujenga jengo kama hilo na kutoa uchakavu. Katika fomu yake, umri unaingia kama hasara. Jengo likiwa la kale zaidi, ndivyo kuliondoa kunavyokuwa rahisi kwa mfuko wa mradi. Mpango wa barabara kuu kukatiza kaskazini mwa hifadhi ulizua kelele duniani tangu 2010, na mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ikazuia barabara ya lami ndani ya hifadhi. Kesi ilihusu nyumbu wanaohama. Majengo ya njia panda hayakuwa na wakili, na hakuna aliyeona pengo hilo.

Hilo linatufikisha kwenye fedha. Serengeti iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981 kwa vigezo viwili, cha saba na cha kumi, yaani uzuri wa asili na bioanuwai. Vyote ni vya maumbile. Jirani yake Ngorongoro iliingia 1979 kwa maumbile na mwaka 2010 ikaongezewa kigezo cha utamaduni. Tofauti hii ya karatasi ina uzito, kwa sababu taarifa, wakaguzi na miradi hufuata vigezo. Ngome ya Ikoma ikianguka kesho, hakuna kigezo cha Serengeti kitakachotikisika.

Upande wa vijiji, Robanda, Nyichoka, Park Nyigoti, Nata-Mbiso na Makundusi viliunda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, jina lililounganisha Ikoma na Nata. Kwa jumuiya za aina hii, mapato hutoka kwenye kambi za utalii, ada za wageni na uwindaji. Vinavyolipiwa ni simba na machweo. Halmashauri ya kijiji ikipata fungu lake, inalazimika kuchagua kati ya darasa, kisima na ukuta wa zamani, na ni vigumu kuona ni kwa hoja gani mtu mwenye akili timamu angechagua ukuta. Wawekezaji wa Grumeti, waliopo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wametumia fedha nyingi kurudisha wanyama, na wanyama wamerudi. Soko limefanya kilekile lilichoagizwa.

Dawa inayotajwa sasa ni kukabidhi malikale kwa mashirika ya hifadhi. Kilwa imepewa TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Mbozi, Engaruka na mapango ya Amboni yamepewa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Mashirika hayo yana magari, askari na mapato, vitu ambavyo Idara ya Mambo ya Kale haijawahi kuwa navyo vya kutosha. Lakini kipimo chao ni idadi ya wageni na makusanyo ya getini. Kipimo hicho kinaweza kuibeba Kilwa. Kwa gofu la njia panda, ambalo mgeni analipita akiwa na haraka ya kumwona chui kabla jua halijawa kali, hesabu haifungi. Sera ya Malikale ya mwaka 2008 inazungumzia ushiriki wa jamii na sekta binafsi. Mstari wa 1863 haikuuhamisha, kwani sera haibadilishi sheria.

Yapo mapingamizi, na si mepesi. Kwa nini Mwikoma agharimie ngome iliyojengwa kumtoza kodi? Hoja hii ingekuwa na nguvu zaidi kama mabadilishano yangekuwa halisi, kama kupotea kwa ngome kungeokoa makazi ya Nyeberekera au mji mmoja uliohamwa. Haiwi hivyo. Vyote vinakwenda pamoja, kwa sababu ileile ya kutokuwa na mwenye wajibu. Isitoshe, boma la mkoloni ni mojawapo ya vielelezo vichache vya mawe kwamba utawala ule ulikuwepo hapa, kwa vipimo hivi, kwa kazi ya mikono ya watu wa hapa. Likiisha, ushahidi utabaki kwenye nyaraka za Kijerumani tu, na nyaraka za mtawala zina upande.

Hatua ya kisheria yenyewe ni fupi. Waziri anahitaji tangazo moja kwenye Gazeti la Serikali. Tangazo halali linahitaji mipaka ya eneo, na kwa ngome mpimaji anaweza kuipata kwa siku moja. Kwa makazi yaliyohamwa na maeneo ya emisambwa, mpaka haupatikani kwa chombo cha kupimia. Unapatikana kwa mtu anayeweza kusimama porini, kwa kibali cha hifadhi, na kusema ukoo gani ulikaa wapi. Shetler aliwahoji wazee wa aina hiyo katikati ya miaka ya 1990, na baadhi ya historia zilizoandikwa na wenyeji wa Mara Kusini alizichapisha mwaka 2003. Mzee aliyekuwa na miaka 70 alipohojiwa, leo angekaribia 100.